Aliyelipa aonyeshwe, asifungiwe mlango

Ndugu Mhariri,

Kwa miaka 19 nilikuwa kwenye dawati la matangazo la kituo cha televisheni. Kila tangazo lilipita machoni pangu kabla ya kwenda hewani. Sasa nimestaafu, nami nina jambo ambalo nikiwa kazini nisingethubutu kuliandika.

Siku moja walikuja watu watatu na tangazo lao la sekunde 30. Mto unatoa povu, mama anachota ndoo, anaisogeza karibu na kamera, kisha sentensi moja inawaomba watazamaji wadai maji yale yapimwe. Fedha walikuwa nazo. Walikuwa wamechanga, na stakabadhi za michango wamezifunga kwa mpira. Kanuni yetu ilikataza tangazo la kushawishi watu katika jambo la sera lenye ubishi, kwa hiyo nikawarudishia kanda yao. Mkubwa wao akaniuliza, bila hasira, "Sasa tuuze nini ndipo turuhusiwe kusema?"

Jioni ile ile, kabla ya taarifa ya habari, nilirusha tangazo la kiwanda: watoto wanacheka, maji yanang'aa, sauti nzito inasema kampuni inayapenda mazingira. Hilo tuliliita biashara. Lile la ndoo tuliliita siasa.

Uswisi walipitia hali kama hiyo. Wafanyabiashara wa nyama walikuwa wakitangaza nyama yao kwenye televisheni. Kikundi cha kutetea wanyama kilipotaka kujibu kwa tangazo lililoonyesha nguruwe waliobanwa vizimbani na kuwaomba watu wapunguze kula nyama, kilikataliwa. Mwaka 2001 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilisema haki yao ya kujieleza ilivunjwa.

Lakini mahakama hiyo hiyo, mwaka 2013, iliipa Uingereza ushindi. Huko sheria ya mwaka 2003 inazuia matangazo ya kisiasa kwenye televisheni na redio, na neno "kisiasa" limetandazwa hadi likawafunika hata watetezi wa sokwe, ambao tangazo lao lilimwonyesha msichana amefungwa minyororo ndani ya kizimba. Majaji 9 waliunga mkono katazo, 8 wakalipinga. Hoja iliyoshinda ni kwamba wenye fedha nyingi wangenunua mjadala wote.

Hofu hiyo siidharau, maana nimeiona kwa macho yangu. Liliwahi kuniletea tangazo shirika lililojiita la watumiaji wa kawaida, likipinga kodi ya vinywaji vyenye sukari. Hati ya malipo ilikuwa na muhuri wa kampuni ya vinywaji. Siku hiyo kanuni ilitufaa, nakiri, tukalikataa. Ila kilichonikera ni uongo juu ya nani anasema. Kama jina la kampuni lingeandikwa wazi kwenye skrini, mtazamaji angepima mwenyewe.

Kwa hiyo naomba wanaotunga kanuni wafikirie kuyaruhusu matangazo kama lile la ndoo, kwa masharti haya. Jina la mlipaji halisi likae kwenye skrini tangu sekunde ya kwanza hadi ya mwisho, kwa herufi zinazosomeka, si zile za kukimbia chini kama mchwa. Kikundi kimoja kisipewe zaidi ya dakika chache kwa wiki, hata kikija na gunia la fedha. Vyama vya siasa viachwe nje, na msimu wa uchaguzi mlango ufungwe kwa wote. Na madai yathibitishwe. Sabuni inayojigamba kuua vijidudu tuliidai ushahidi. Anayesema mto una sumu naye alete vipimo. Kazi hiyo dawati la matangazo linaiweza, tuliifanya kila siku.

Wapo wanaosema wanaharakati waende intaneti, na hata majaji wa mwaka 2013 waligusia njia hizo nyingine. Lakini intaneti mwenye fedha naye yupo, ananunua atakavyo, na mara nyingi hakuna mtu kama mimi wa kutazama muhuri ulio kwenye hati ya malipo. Tena walioliona tangazo la kiwanda jioni ile walikuwa wamekaa mbele ya televisheni wakisubiri habari. Hao ndio yule mama wa ndoo alitaka kusema nao.

Mhakiki mstaafu wa matangazo