Mwanangu, Pamba Hakuchukii

Mwanangu mpendwa,

Jana uliponipigia simu ulikuwa unalia. Ulisema Pamba amekukwaruza mkono ulipombeba, na kwamba sungura huyu hakupendi hata kidogo. Nilikujibu harakaharaka kwa sababu nilikuwa kazini, na tangu nilipokata simu nimekuwa nikijutia jibu lile. Ndiyo maana nimekaa usiku huu nikuandikie vizuri.

Jiweke katika ngozi yake. Mwewe anamtaka, mbweha anamtaka, paka anamtaka, nyoka naye anamvizia mlangoni mwa mashimo yake. Kwa mnyama wa namna hiyo, kunyanyuliwa kutoka ardhini kuna maana moja tu: amekwisha kamatwa. Pamba hajui kwamba mikono iliyomnyanyua ni ya mtu anayemkatia majani kila asubuhi. Mwili wake umeshaamua kabla hajafikiri. Ndipo hurusha teke ili ajinasue, na teke hilo si hatari kwako peke yako. Misuli ya miguu yake ya nyuma ina nguvu nyingi, ilhali mifupa yake ni myepesi mno. Akirusha teke huku mgongo umening'inia anaweza kujivunja uti wa mgongo mwenyewe. Ikibidi kumbeba, mkono mmoja uwe chini ya kifua, wa pili ubebe makalio, na umkumbatie kifuani. Isipobidi, mwache chini.

Kuna na jambo la macho. Yamekaa ubavuni mwa kichwa, kwa hiyo anaona karibu pande zote kwa wakati mmoja, hata juu na nyuma yake. Lakini kilicho mbele kabisa ya pua yake hakioni. Wewe unamnyooshea mkono puani ili anuse, kama tunavyofanya kwa mbwa, kumbe kwake mkono umetoweka, kisha ghafla anaguswa. Upitishe kwa upande ambako anauona, umpapase kwenye paji la uso.

Sungura wote wa kufugwa, weupe, weusi, wenye masikio yaliyolala, wanatokana na aina moja ya sungura wa porini, ambaye kwao ni Hispania, Ureno na kusini mwa Ufaransa. Huishi kwa makundi katika mashimo wanayochimba wenyewe, na hutoka kula alfajiri na jioni. Kwa hiyo Pamba akilala mchana kutwa si mvivu, na akikurupuka jioni ukiwa unasoma, hiyo ndiyo saa yake.

Nikueleze na habari ya mama sungura, maana hiyo ilinigusa kuliko zote. Hubeba mimba kwa mwezi mmoja hivi. Siku za kuzaa zikikaribia hukusanya majani makavu shimoni, kisha hujing'oa manyoya ya kifuani na kuyatandika. Watoto huzaliwa uchi, macho yamefumba. (Yule mnyama anayefanana na sungura, mwenye miguu mirefu, anayezaa watoto juu ya ardhi, wenye manyoya na macho wazi, ni jamaa yake tu.) Basi baada ya kuzaa, mama huondoka. Huwarudia mara moja tu kwa siku, huwanyonyesha dakika chache, huwafunika, huenda zake. Watu wengi wakiona hivyo hudhani amewatelekeza, wakaanza kuwachukua watoto. Lakini akikaa nao kutwa anaweza kuwavutia wanaowinda. Kukaa mbali ndiyo ulinzi wake. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza, niliweka kitabu chini nikawafikiria ninyi.

Sasa jambo ambalo nataka ulishike kuliko mikwaruzo. Nilipokuwa na umri kama wako nilikuwa na sungura wa kijivu. Siku moja aligoma kula. Alijikunja kwenye kona, macho nusu wazi, akasaga meno kwa nguvu. Mimi nilidhani ana usingizi. Nilimwekea karoti nikaenda kulala, na asubuhi nilimkuta amekufa. Hakulia hata mara moja. Katika hadithi zetu sungura ni mjanja mwenye maneno mengi, lakini sungura wa kweli huficha maumivu yake, kwa sababu porini anayeonekana mgonjwa ndiye anayeliwa kwanza.

Tumbo la sungura halitakiwi kusimama. Hawezi kutapika, na chakula kikikwama ndani hewa hujaa, akadhoofika haraka. Pamba akipitisha nusu siku bila kula wala kuacha vidonge vya kinyesi, usisubiri kesho. Mwambie baba mara moja ampeleke kwa daktari wa wanyama. Chakula chake kikuu ni nyasi kavu, ziwepo muda wote. Meno yake hayaachi kuota maisha yake yote, na kutafuna nyasi ndiko kunakoyapunguza. Karoti ina sukari nyingi, mpe kipande kidogo siku moja moja.

Na ile siku uliyomwona akila kinyesi chake ukakimbia kwa kinyaa, usimkataze. Ana aina mbili: vile vidonge vikavu vya mviringo, na vingine laini, vinavyong'aa, vilivyoshikana kama kishada kidogo. Hivyo laini huvichukua moja kwa moja kwenye mkundu na kuvimeza, ili apate virutubisho ambavyo havikuingia mwilini mara ya kwanza.

Uliniambia pia kwamba wiki iliyopita alikisugua kidevu chake kwenye mguu wako na hukujua anataka nini. Chini ya kidevu ana tezi za harufu. Pua zetu haziisikii, lakini sungura mwenzake angejua: alikuwa anakuhesabu miongoni mwa vitu vyake.

Jioni ya siku utakayoisoma barua hii, keti sakafuni karibu na banda lake, mlango ukiwa wazi. Chukua daftari lako usome, usimwite, usimshike. Akipiga mguu wa nyuma chini, pah!, ameona hatari; tulia. Akiruka juu akajipinda hewani, ana furaha. Akija akanusa magoti yako, endelea kusoma. Kesho yake nitakupigia alfajiri kabla sijaingia kazini, uniambie alifika umbali gani.

Mama yako