Mdogo wangu, hilo wazo liandike lilivyo

Mdogo wangu,

Hapa Dar neno "mawazo" linabeba kila kitu. Mtu kakosa kodi, ana mawazo. Kaachwa, ana mawazo. Wiki ya tatu hali wala halali, bado tunasema ana mawazo tu. Lakini huzuni ikikushika karibu kutwa nzima kwa wiki 2 au zaidi, au hamu ya mambo uliyoyapenda ikakatika, na usingizi, chakula na nguvu navyo vikayumba, hiyo ni sonona. Sonona ni ugonjwa, na unatibika.

Na hilo neno letu halijakosea sana. Miaka ya 1960 daktari wa akili Aaron Beck, huko Philadelphia, Marekani, aliona kwamba wagonjwa wake wa sonona wana visentensi vinavyopita kichwani upesi, bila wao kuvihoji: sifai, hakuna anayenijali, mbele hakuna kitu. Akajenga tiba ya kuvikamata na kuvipima. Kwa kawaida unaonana na mtaalamu mara moja kwa wiki, mara 12 hadi 20, na kati ya miadi unafanya kazi ya nyumbani anayokupa. Wengi hukwama kwenye hiyo kazi ya nyumbani, ndiyo maana nakuandikia habari zake.

Chukua daftari, ulilaze kwa upana. Tuseme ni Jumanne saa 10 jioni, umemtumia kaka ujumbe, tiki zimekuwa bluu, kimya. Andika tukio hilo tu, bila maelezo. Pembeni andika hisia na uzito wake kati ya 0 na 100: huzuni 85. Kisha wazo, kwa maneno yaleyale liliyokuja nayo. Usiandike "nilijisikia vibaya kuhusu familia". Andika "Kaka amenichoka, mimi ni mzigo."

Sasa ushahidi. Upande wa kuliunga: amesoma, hajajibu, na mwezi jana alilalamika hana hela. "Najisikia mzigo" usiiweke hapo, maana hisia si ushahidi. Hata mahakamani Kisutu hakimu asingeipokea. Upande wa kulipinga: Jumapili alipiga mwenyewe kuuliza kama umekula, na saa 10 huwa bado yuko kazini. Chini yake andika wazo linalobeba pande zote mbili: "Hajajibu, na sijui kwa nini. Imeniuma, ila juzi tu alinitafuta." Pima tena huzuni. Ikishuka kutoka 85 hadi 60, kazi imefanyika. Usisubiri sifuri.

Tazama, hilo wazo jipya halina sukari. Watu wengi huharibu hapa: wanalifuta wazo jeusi na kuweka "kila kitu kitakuwa shwari", moyo unakataa, halafu wanasema tiba haifai. "Shukuru Mungu, kuna wenye shida kuliko wewe" nayo inaongeza hatia juu ya huzuni. Naichukia kauli hiyo ikisemwa kwa mgonjwa.

Namba isipotikisika, mara nyingi wazo uliloandika siyo lenye moto. Jiulize: hili likiwa kweli, lina maana gani kwangu? Rudia swali mpaka ufike kwenye sentensi inayokuchoma. Hiyo ndiyo ya kupima.

Kama umeishiwa nguvu hata kalamu nzito, achana na daftari kwanza, anza na miguu. Panga usiku wa leo: kesho saa 1 asubuhi kuoga, saa 11 jioni kutembea hadi gengeni na kurudi, dakika 10. Fuata saa, usingoje hamu, kwa sababu katika sonona hamu huja nyuma ya kitendo. Kabla ya kutoka kisia utafurahia kiasi gani, 0 hadi 10. Ukirudi andika ilivyokuwa. Ukiona ulikisia 1 ukapata 3, hiyo tofauti nayo ni ushahidi. Ikikushinda, ikate nusu: fika mlangoni tu.

Daktari akikuandikia dawa, zinachukua wiki kadhaa kufanya kazi vizuri. Usiache siku ya nne kwa kuwa huoni kitu, wala usiache ghafla ukipata nafuu. Mwombe pia apime damu na tezi ya shingo, maana upungufu wa damu au wa homoni ya tezi huleta uchovu unaofanana na huu. Muhimbili kuna idara ya magonjwa ya akili. Kwenda huko si aibu.

Na likija wazo la kujiua, hilo usilijazie daftari. Mwamshe mtu, hata saa 8 usiku, umwambie kwa maneno hayohayo, asikuache peke yako, mwende hospitali yenye huduma ya dharura usiku huohuo. Nipigie mimi kwanza ukipenda.

Jumamosi nakuja na daftari la mistari na kalamu mbili. Ukurasa wa kwanza tutaujaza pamoja. Wewe niwekee tukio moja tu la wiki hii.