Modeli za maji zifundishwe kuanzia kwenye kidakio kimoja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua nizungumzie namna modeli za haidrolojia zinavyofundishwa. Wengi wanaotaka kujua mvua inavyogeuka kuwa mto, wawe wanafunzi, maofisa wa maji au wahandisi vijana, huanzishwa kwenye programu kubwa yenye mamia ya vigezo. Wanafuata mwongozo, wanabonyeza wanapoambiwa wabonyeze, ramani nzuri inatoka. Ukiwauliza kwa nini mtiririko wa mwezi fulani umekuwa mara mbili ya uliopimwa, hawana pa kuanzia. Napendekeza twende kinyume: kidakio kimoja, yaani eneo lote linalomwaga maji yake kwenye mto mmoja, takwimu za kila siku za miaka kumi, modeli ya vigezo vinne, na programu huria ambazo mtu anaweza kufungua msimbo wake akaona maji yanapelekwa wapi.

Hilo la programu huria nilieleze kidogo, maana huchanganywa na programu ya bure. HEC-HMS, programu ya modeli za mvua na mito iliyotengenezwa na Kikosi cha Wahandisi cha Jeshi la Marekani, hupakuliwa bila malipo na ni zana nzuri ya kazi, lakini msimbo wake haukuwekwa hadharani. QGIS na GRASS (za ramani), lugha ya R pamoja na kifurushi chake cha airGR (cha modeli za mvua na mto), MODFLOW 6 (ya maji ya chini ya ardhi) na SWAT+ (ya mabonde ya mito) ni huria: kila mstari wa hesabu unasomeka. Aliyekwisha kubobea huenda asiijali tofauti hiyo. Kwa anayejifunza ina uzito mkubwa, kwa sababu matokeo yakiwa ya ajabu anaweza kufungua faili lenyewe na kuufuata mlolongo wa hesabu hadi aone maji yamepotelea wapi.

Kompyuta ya kawaida yenye kumbukumbu ya GB 8 inatosha. Kigae kimoja cha ramani ya mwinuko ya SRTM, iliyopimwa kwa rada kutoka angani, cha digrii moja kwa digrii moja, kina pikseli 3,601 kwa 3,601, karibu milioni 13, na bila kubanwa hakizidi MB 26. Wanaoanza hukwamishwa na vitu vidogo zaidi ya hivyo: folda yenye nafasi katika jina lake, au kompyuta iliyopangwa kuandika desimali kwa mkato badala ya nukta, na programu ikaisoma 12,5 kama maandishi au kama 125. Vimalizwe hivyo kabla ya kugusa takwimu.

Kazi ya kwanza ni mpaka wa kidakio. Pakua ramani ya mwinuko inayouvuka mpaka unaoukisia kwa kilomita kadhaa kila upande, kisha ihamishe kutoka digrii kwenda kwenye mfumo wa mita, yaani UTM ya kanda husika. Ukiiacha kwenye digrii, mteremko unaweza kukokotolewa kwa kugawanya mita kwa digrii, na kilima kidogo kikaonekana kama ukuta. Wakati wa kuhamisha chagua njia ya bilinia, inayokadiria kila thamani kutokana na pikseli nne jirani; ile ya jirani wa karibu huacha michirizi kwenye ramani, na michirizi hiyo baadaye hugeuka vijito visivyokuwepo. Kisha endesha r.watershed ya GRASS, amri inayofuata maji yanavyoteremka na kukusanyika, ukiwa ndani ya QGIS. Itakudai kizingiti kwa idadi ya pikseli. Pikseli ya mita 30 ina mita za mraba 900, kwa hiyo ukitaka kijito kianze kuchorwa panapokusanyika maji ya kilomita moja ya mraba, andika 1,111.

Ramani ya mkusanyiko wa maji itakayotoka huenda ikawa na namba hasi. Wengi huzidhania hitilafu, na kweli lipo chaguo la kuzigeuza zote ziwe chanya. Usilikimbilie. Namba hasi ni onyo kwamba pikseli hiyo huenda inapokea maji kutoka nje ya ramani uliyopakua, hivyo eneo lake limepunjwa. Zikishafika kwenye mto wako, rudi ukaongeze ramani.

Halafu inakuja hatua inayoharibu kazi nyingi kuliko zote, nayo ni kuweka alama ya kituo cha kupimia mtiririko. Koordineti zilizoandikwa kwenye kumbukumbu za kituo mara nyingi huangukia ukingoni, pikseli moja au mbili kando ya mto uliochorwa na kompyuta. Ukizipeleka kwenye r.water.outlet, amri inayochora kidakio cha sehemu uliyoichagua, kama zilivyo, utapewa kidakio cha pikseli thelathini badala ya kilomita za mraba 500, na programu haitalalamika hata kidogo. Vuta ramani karibu mpaka uone pikseli mojamoja, soma thamani ya mkusanyiko ya kila moja, uchague ile iliyoruka kutoka makumi hadi malaki. Kwa kidakio cha kilomita za mraba 500 thamani hiyo inatakiwa iwe karibu 555,000. Izidishe kwa 900, gawanya kwa milioni moja, kisha linganisha na eneo lililoandikwa kwenye kumbukumbu. Kwa maoni yangu tofauti ikizidi asilimia 5 itafutiwe sababu. Sehemu tambarare na ardhi oevu ndizo zinazosumbua sana. Msitu nao unasumbua, kwa kuwa rada ya SRTM iliyofanya kazi Februari 2000 mahali penye miti minene ilisoma karibu na vilele kuliko kwenye udongo.

Mpaka ukishatulia, ingia kwenye takwimu. Mahali vituo vya mvua ni haba, CHIRPS, takwimu za mvua zinazotokana na setilaiti na vituo, hutoa mvua ya kila siku tangu 1981 kwa pikseli za digrii 0.05, ambazo karibu na ikweta ni kama kilomita 5.5 kila upande. Kidakio chetu cha kilomita za mraba 500 kitapata pikseli kama 16. Usiichukue mvua ya setilaiti hivihivi. Jumlisha kwa mwezi, uiweke pembeni ya kituo chochote kilicho ndani au jirani, uone inazidisha au inapunguza msimu gani.

Kuna suala la siku, ambalo miongozo mingi hulipita. Kipimamvua kinachosomwa saa tatu asubuhi kina mvua ambayo sehemu yake kubwa ilinyesha jana. Wapo wanaoiandika kwa tarehe ya kusoma, wapo wanaoirudisha siku moja nyuma, ilhali bidhaa za setilaiti kwa kawaida huhesabu siku kwa saa za UTC, yaani saa za kimataifa. Zikichanganywa, mafuriko yanatangulia mvua iliyoyaleta. Kipimo chake ni rahisi: chora mvua na mtiririko wa mafuriko kumi hivi kwenye mchoro mmoja, kisha sogeza safu ya mvua siku moja mbele na siku moja nyuma uone ipi inakaa sawa. Angalia pia alama ya pengo. Kuna faili zinazotumia -9999, nyingine zinaacha wazi, na mbaya kuliko zote ni zile ambazo mtu alijaza sifuri. Sifuri ya mvua inadai hakukunyesha, na modeli itaamini. Kwenye safu ya mtiririko mapengo yanavumilika, kwa kuwa siku hizo zitarukwa tu wakati wa kupima ubora. Kwenye mvua lazima yazibwe.

Mtiririko nao una siri yake. Vituo vingi hupima kina cha maji, na mita za ujazo kwa sekunde hutoka kwenye mchoro unaounganisha kina na mtiririko. Uliza mtiririko mkubwa kuliko wote uliowahi kupimwa mtoni kwa mkono ni upi. Chochote kilicho juu ya hapo ni makadirio yaliyovutwa kutoka kwenye mchoro, na usiilaumu modeli kwa kutoyafikia.

Sasa geuza kila kitu kiwe milimita. Mtiririko kwa mita za ujazo kwa sekunde, zidisha kwa 86.4, gawanya kwa eneo la kidakio kwa kilomita za mraba. Mita za ujazo 12 kwa sekunde kwenye kilomita za mraba 500 ni milimita 2.07 kwa siku. Jumlisha mwaka mzima kwenye lahajedwali, mvua upande huu, mto upande ule. Mvua ikiwa milimita 1,100 na mto umetoa 1,300, simama hapo. Ama eneo limekosewa, ama vipimamvua vyote viko bondeni na mvua inanyesha milimani, ama mchoro wa kina umepitwa na wakati baada ya mto kuhamisha mchanga, ama maji yanaingia kwa chini kutoka bonde jirani. Modeli haiwezi kukutatulia hilo, ila inaweza kukuficha.

Modeli ninayoipendekeza kwa kuanzia ni GR4J ya Ufaransa, iliyochapishwa 2003 katika umbo linalotumika leo na iliyomo ndani ya airGR. Inataka mvua ya siku na uvukizaji tarajiwa, yaani maji ambayo hewa ingeyavuta kama yangekuwepo ya kutosha. Huo wa pili airGR inaukokotoa kwa kanuni ya Oudin kutokana na joto la wastani la siku, tarehe na latitudo tu. Taja kama latitudo ni digrii au radiani. Vigezo ni X1, ukubwa wa ghala la udongo kwa milimita. X2, maji yanayobadilishana na chini ya ardhi. X3, ukubwa wa ghala la kusafirishia. Na X4, muda wa maji kusafiri hadi mtoni, kwa siku.

Kabla ya kuiachia kompyuta, mwanafunzi aikokotoe siku moja kwa kikokotoo. Mvua milimita 20, uvukizaji 4, zimebaki 16. X1 iwe 350 na ghala limejaa kwa asilimia 60, yaani lina 210. Kanuni ya modeli inapeleka karibu 10 kati ya zile 16 kwenye udongo na kuachia 6. Ghala, ambalo sasa lina 220, linavujisha 0.33 hivi, kwa hiyo 6.4 zinaelekea mtoni: asilimia 90 yake inapitia ghala la kusafirishia, asilimia 10 inakwenda moja kwa moja. Rudia hesabu ileile, safari hii ghala likiwa limejaa kwa asilimia 90. Udongo unapokea 2.9 tu, na 13 zinaachiwa kabla hata ya uvujaji. Mvua ni ileile, maji yanayoachiwa ni zaidi ya mara mbili. Mwanafunzi aliyeiona hesabu hiyo kwa macho yake ameelewa kwa nini mvua ya mwisho wa msimu hufurisha kuliko ya mwanzo, jambo ambalo hakuna kitufe kitakachomwonyesha.

Baada ya hapo ndipo vigezo virekebishwe. Katika miaka kumi, mwaka wa kwanza uwe wa kupasha modeli joto, maana hakuna ajuaye ghala lilikuwa na maji kiasi gani siku ya kwanza. Mitano itumike kurekebisha, minne ifichwe kwa uhakiki, kisha vipindi vibadilishane. Mtaalamu wa haidrolojia Vít Klemeš alilisisitiza jaribio hilo mwaka 1986 na bado linarukwa. Kipimo cha Nash na Sutcliffe cha 1970, kinachoonyesha modeli inavyolingana na mtiririko uliopimwa, huvutwa mno na mafuriko, kwa hiyo anayejali maji ya kiangazi apime pia kwa kipeuo cha pili cha mtiririko. Kipimo kingine, KGE, hakina sifuri ileile, maana kwa Nash modeli inayotabiri wastani hupata 0: modeli inayotabiri wastani kila siku hupata karibu -0.41, hivyo 0.1 ya KGE si sawa na 0.1 ya Nash.

Na vigezo visomwe. Kwa kawaida X1 huwa kati ya 100 na 1,200, X2 kati ya -5 na 3, X3 kati ya 20 na 300, X4 kati ya siku 1.1 na 2.9. Ukipata X2 ya -15 na alama nzuri, usifurahie. Modeli inatupa maji iliyoshindwa kuyatolea hesabu, na mara nyingi chanzo ni mvua iliyozidishwa au eneo lililokosewa kule mwanzoni.

Ombi langu kwa wanaoandaa mafunzo ni kwamba wiki ya kwanza isiwe na modeli kabisa, iwe ya mpaka, mapengo na urari wa maji, yaani lile jedwali la mvua dhidi ya mto. Na kila mshiriki aondoke na faili la amri zake zote, pamoja na matoleo ya programu alizotumia, ili mwingine aweze kuirudia kazi yake bila kumpigia simu.

GR4J ina mipaka. Haijui msitu uliokatwa wala shamba lililofunguliwa. Swali hilo ni la SWAT+, inayodai ramani za udongo na matumizi ya ardhi. Visima na kushuka kwa maji ya chini ni kazi ya MODFLOW 6. Atakayehamia huko abebe lile jedwali lake la urari. SWAT+ ikimpa mtiririko wa mwaka unaopishana sana na jedwali, aangalie kwanza ni vituo gani vya mvua imevisoma, kwa kuwa kila sehemu ya bonde hupewa kituo kilicho karibu nayo, na kituo kimoja kibovu kinaweza kubeba nusu ya bonde.

Msomaji wako