Kuhusu Hamisi na zile nguo

Shoga yangu Mwanaidi,

Za huko? Mama mguu umepoa? Sisi wazima, Leipzig baridi ndo imeanza kung'ata. Meseji yako ya Hamisi kuja huku Ujerumani imenikaa kichwani wiki nzima nikaona niandike vizuri. Umeuliza wale wabaguzi wa huku, wanaomfuata Hitler mpaka leo, atawajuaje, kama bado ni vipara na mabuti.

Vipara vilikuwa vingi miaka ya 80 na 90. Siku hizi wengi wao wanavaa kama kijana yeyote, jaketi zuri la bei, na kazi ya ile nguo ni wao wajuane halafu sisi tupite bila kushtuka. Ukiona 88 kwenye tisheti, H ni herufi ya nane, kwahiyo 88 ni HH, yaani Heil Hitler, hapo wanamsalimia Hitler. Kuna kampuni ya Thor Steinar, ukiangalia haraka utadhani nguo za wapanda milima wa Norway, lakini hao wabaguzi ndo wanazipenda, mpaka bungeni Berlin na viwanja kadhaa vya mpira wamezipiga marufuku. Wengine walivaa tisheti za Lonsdale, jaketi likiwa wazi juu yake zinabaki herufi NSDA, karibu jina lote la chama cha Hitler, NSDAP. Lonsdale wenyewe ni Waingereza wa mambo ya ngumi, hawakuanzisha hayo, na walipoona hivyo wakaacha kuyauzia maduka ya hao watu wakatoa matangazo yenye watu wa rangi zote. Nawaheshimu sana kwa hilo. Kwahiyo mwambie Hamisi Lonsdale peke yake asimhukumu mtu nayo.

Kinachoniuma ni watoto. Kijana wa miaka 15 hajui siasa yoyote, anataka tu kundi, jaketi linamwingiza, maneno yanafuata baadaye. Ndo maana marufuku peke yake naona haitoshi, ukikataza alama hii wanatunga nyingine, haiishi.

Ila kuna watu wa Exit-Deutschland, wanasaidia wanaotaka kutoka huko, mwaka 2011 walipeleka tisheti 250 za bure kwenye tamasha la hao jamaa kule Gera. Zina fuvu, zina bendera, jamaa wakazigombania. Kufika nyumbani kufua, picha ikafutika, chini yake kukatokea maandishi kwamba tisheti yako imeweza kubadilika, na wewe unaweza, tutakusaidia. Mwanaidi nilipoisikia hii nilicheka mpaka machozi, na bado naona ndo njia bora kuliko zote, manake inamfuata yule kijana mpaka chumbani kwake akiwa peke yake bila wenzake na haimtukani.

Na ndo ninachotaka Hamisi akijue pia, alama azijue ili akiona kundi limezivaa usiku ashuke stesheni nyingine, sio aishi kwa hofu, huku kuna watu wengi wanapambana nao.

Sasa niambie, viza imetoka? Kapangiwa mji gani, na chumba je? Anafika mchana au usiku? Niende kumpokea au Bakari atakuwepo? Na jaketi la baridi mnalo au nimtafutie huku?

Wako,
Zuhura