Fundi ahesabu saa, si siku

Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye safu yako ya barua. Malalamiko juu ya mafundi cherehani hayaishi: "njoo kesho", "bado vifungo tu", "umeme ulikatika". Sisi ni mafundi na tunakiri kwamba wateja wana haki ya kulalamika. Ila wengi hudhani fundi anadanganya makusudi, kumbe mara nyingi amekosea hesabu. Anapokea kazi kwa kutazama siku zilizobaki, wakati kazi ya mashine huenda kwa saa.

Chukua fundi anayefungua saa 2 asubuhi na kufunga saa 12 jioni. Hizo ni saa 10. Toa chakula na swala, toa wanaokuja kupimwa, toa marekebisho ya nguo za jana, toa safari ya kufuata zipu na uzi. Zinazobaki kwenye cherehani ni kama 6, na kwa siku 6 za wiki zinakuwa 36. Ikiwa gauni la kitenge lenye bitana linamchukua saa 5 tangu kukata hadi pasi, wiki nzima atatoa magauni 7, tena mambo yakienda sawa. Akipokea 12, watu 5 watarudi mikono mitupu. Atajaribu kukesha, na hapo ndipo mkono wa kushoto unaposhonwa kulia, na kitenge cha mtu kinakatwa maua yakiangalia chini.

Kasi hutofautiana, kwa hiyo kila fundi ajipime. Wiki moja tu, aandike alianza saa ngapi na kumaliza saa ngapi kwa kila aina ya nguo. Wengi watashangaa kuona kola na zipu zinavyokula muda.

Kisha anunue kaunta buku, na kila wiki iwe na ukurasa wake. Kabla ya oda yoyote, aandike kwanza siku na jioni atakazokuwa nyumbani na watoto, maana zikisubiri nafasi hazipatikani kamwe. Juu ya ukurasa aweke saa zilizobaki, tuseme 36. Kila oda iandikwe namba, jina, aina ya nguo, saa zake, siku ya kujaribu, siku ya kuchukua na kianzio, halafu saa zipunguzwe: 31, 26, 21. Zikibaki 6, ukurasa ufungwe. Hizo 6 ni za umeme na msiba wa jirani. Gauni la saba liende wiki inayofuata, na mteja aambiwe hivyo akiwa bado amesimama mlangoni na kitambaa chake mkononi.

Pembeni ya kila oda abane kipande cha kitambaa chenye ukubwa wa kidole gumba. Ukiandika "mama wa kitenge cha bluu", siku ya siku utakuta vitenge vya bluu viko vinne.

Siku ya kujaribu iwe siku 3 kabla ya kuchukua, na mshono wa ubavuni uachiwe akiba ya sentimita 2 kila upande. Nguo ikibana, kuachia mshono ni kazi ya muda mfupi. Ikigundulika asubuhi ya harusi, na akiba ilishakatwa na ovaloki, ile mashine inayokata na kufunga kingo za kitambaa, hakuna dawa.

Kukata kufanywe asubuhi, macho yakiwa mapya. Nguo za rangi moja zishonwe kwa mkupuo, kwa sababu ovaloki hutumia nyuzi 3 au 4 na kuzibadilisha zote, tundu kwa tundu, ni kupoteza muda. Na kila fundi awe na kikapu cha kazi za mkono: vifungo, pindo, kutoa nyuzi. Umeme ukikatika, kikapu kinashushwa.

Jambo dogo linaloharibu ahadi nyingi ni saa yenyewe. Mteja akisema "saa 4" na fundi akaweka kengele ya simu 4:00, italia saa 10 alfajiri. Saa 4 asubuhi kwenye simu ni 10:00. Kwenye risiti iandikwe "saa 4 asubuhi", kwa maneno kamili.

Idd ina hesabu yake. Mchana wa mfungo nguvu hupungua, jioni ni futari, usiku ni tarawehe, hivyo zile saa 6 za cherehani kwa siku huwa 4. Tunashauri oda zifungwe siku ya 15 ya mfungo na kazi yote iishe siku ya 27. Mwezi ukiandama siku ya 29, aliyebakiza kazi za siku ya 30 ameumbuka.

Wateja nao watusaidie. Leteni kitambaa, bitana na zipu siku moja. Semeni tarehe ya kweli ya shughuli: mteja akisema Jumamosi hii wakati harusi iko wiki tatu mbele, fundi hujifunza kudharau tarehe zote, na anayeumia ni yule aliyesema ukweli. Nasi mafundi, ukurasa ukionyesha kwamba nguo haitawahi, tupige simu siku 2 kabla, mteja angali na muda wa kutafuta nguo nyingine.

Mafundi cherehani,
Tanga