Magogo ya mwarobaini: Jumamosi tukutane uwanjani

Ndugu zangu, habari za jioni. Yale magogo ya mwarobaini ulioangushwa na mvua za masika, serikali ya mtaa imeturuhusu tuyafanye mabenchi. Tafadhali mtu asiyachanje kuni! Jumamosi saa 1 asubuhi tunabandua magome yote, maana wadudu hujificha humo humo, kisha fundi wa chenso apasue.

Pa kukalia pawe kimo cha sentimita 45 hivi. Chini ya hapo wazee wetu wanapata taabu kuinuka, na mimi naomba sana angalau benchi moja liwe na egemeo na mahali pa kushika. Uso wa juu uinamishwe kidogo ili maji yasituame. Gogo lisiguse udongo, likae juu ya mawe au zege. Mwarobaini ni mchungu kwa mchwa, lakini unyevu utauozesha tu. Miisho tuipake rangi mapema, jua lisiipasue. Oili chafu hapana, jamani: inaharibu nguo, na watoto watashika.

Mwenye randa au msasa aje nao. Uji upo.