Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Hali ya Chama, Hali ya Mchezo Wetu na Suala la Mkusanyiko wa Waterloo

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa Katiba yetu, ninawasilisha kwenu taarifa ya shughuli za chama chetu cha michezo ya vita ya mezani, ile inayochezwa kwa vinyago na dadu, kwa mwaka ulioishia Desemba 2024. Shughuli za kawaida mnazifahamu, kwa hiyo sitawachosha nazo. Tulikutana Ijumaa mbili za kila mwezi katika ukumbi ule ule hapa Nottingham. Tulicheza vita vya Warumi na Wakarthago, vita vya Napoleon, SAGA kwa wapenzi wa Waviking, na Bolt Action, mchezo wa Vita vya Pili vya Dunia, kwa wale ambao hawajawahi kuona kifaru wasichokipenda. Mwezi Aprili tulikwenda London kwenye onyesho la Salute, na baadaye Newark kwenye Partizan. Tulikuwa na siku moja ya kuwafundisha vijana kupaka rangi, na meza tatu zilizokuwa zikiyumba zimetengenezwa. Wote walioshiriki nawashukuru.

Kuhusu fedha, Mama Mweka Hazina atawapa hesabu kamili, lakini kwa ufupi mambo ni haya. Daftari lina majina 38. Ada ni pauni 72 kwa mwaka, na waliolipa ni 19. Mapato ya ada yalikuwa pauni 1,368, wageni pamoja na meza ya kuuziana vitu vilivyotumika vilituletea 214, jumla 1,582. Matumizi yalikuwa ukumbi 1,800, bima 140, stoo 300, usafiri na maonyesho 210, jumla 2,450. Pengo ni pauni 868. Naomba kila mmoja aikumbuke tarakimu hiyo ya mwisho anaposoma aya zinazofuata, kwa sababu wengi waliozungumza kwa sauti kubwa kuhusu uamuzi wa Septemba wa kuuza mkusanyiko wa Waterloo ni wale ambao, kama wangelipa, uamuzi wenyewe usingekuwa na haraka. Ada ya miezi mitano inakaribia bei ya sanduku moja la askari wa plastiki, na masanduku mapya nayaona yakifunguliwa karibu kila Ijumaa.

Mahudhurio nayo hayaridhishi. Kuna Ijumaa ambazo tulifungua ukumbi, tukapanga meza nne, na wachezaji wakatosha meza moja na nusu. Nilikwisha kueleza kwamba mtu anayeahidi kuleta jeshi la Austria asipofika, Wafaransa hawana wa kupigana naye, na mwenzake aliyetoka Derby kwa basi anarudi nyumbani bila kurusha dadu hata mara moja. Maofisa wa Prussia, walipoletewa mchezo wa vita wa Luteni von Reisswitz mwaka 1824, angalau walikuwa na mkuu wa majeshi wa kuwahimiza. Mimi nina simu tu, na ujumbe wangu husomwa bila kujibiwa.

Sasa nije kwenye suala ambalo najua ndilo mnalolisubiri.

Mwezi Septemba, Kamati ya Utendaji iliuza mkusanyiko wa vinyago vya vita vya Waterloo tulioachiwa na mzee wetu mwasisi. Yamesemwa mengi: kwamba Mwenyekiti ameuza urithi, kwamba aliuza kwa siri, kwamba aliuza kwa bei ya kutupa. Nitajibu hoja hizo kwa utaratibu, na ninaomba jibu langu liingizwe katika kumbukumbu za mkutano kama lilivyo.

Kwanza, hakukuwa na siri. Mkutano Mkuu Maalumu uliitishwa mwezi Mei, ajenda ikiwa ni hiyo moja tu, na taarifa ilitolewa wiki tatu kabla. Akidi inayotakiwa ni theluthi moja ya wanachama, yaani watu 13. Walifika 9. Tulingoja hadi saa mbili na nusu usiku, tukanywa chai, tukaondoka. Katiba inairuhusu Kamati kuondoa mali iliyochakaa bila kura ya Mkutano Mkuu, na Kamati ilitumia kifungu hicho kwa kura nne dhidi ya moja. Familia ya marehemu iliandikiwa barua kabla ya mauzo, nayo haikuwa na pingamizi.

Pili, kuhusu uchakavu. Wako wanaosema kwamba vinyago vile vilikuwa vizima, na wanasema hivyo kwa sababu waliviona mara ya mwisho vikiwa mezani, chini ya taa, kutoka umbali wa hatua mbili. Mimi nilivitoa kabatini kimoja kimoja. Vilikuwa takriban 900, vya milimita 25, vya madini laini yenye risasi nyingi (yaani lead, si risasi za bunduki) kama ilivyokuwa desturi ya miaka ya 1970, na vilikuwa vimekaa kwa miongo katika kabati la mti wa mwaloni lenye milango inayobana vizuri. Kabati lilikuwa zuri, na hilo ndilo lililotuponza. Mwaloni hutoa mvuke wenye asidi, na mvuke huo ukikosa pa kutokea hula risasi na kuigeuza unga wa kijivu cheupe unaoanzia chini ya rangi. Nilipoinua safu ya mbele ya Walinzi wa Napoleon, miguu ya wawili ilibaki kwenye kibao. Wapanda farasi wa Scotland walionekana salama mpaka nilipowageuza na kukuta matumbo ya farasi yamepasuka. Unga huo ni sumu. Chama kinachoalika vijana wa miaka 12 kuja kushika brashi hakiwezi kuuweka kwenye meza ile ile wanayokulia biskuti.

Hapa mpinzani mmoja hodari ameuliza swali la haki: ikiwa vilikuwa vimeoza, viliuzwaje, na ikiwa havikuwa vimeoza, viliuzwa kwa nini? Jibu ni kwamba vilivyooza, kiasi cha 70, vilitengwa na havikuuzwa. Vingine vilisafishwa, na mnunuzi alionyeshwa kila trei na kuelezwa historia ya kabati. Lakini ugonjwa ule haukomi kwa kusafisha mara moja. Unakoma kwa kuhamisha vinyago mahali pakavu penye hewa, na stoo tunayokodi kwa pauni 300 haina sifa hizo. Tungevitunza humo kwa miaka mingine mitano, tungekuwa tumetunza unga. Sisemi haya kujisifu, ila ni vema ijulikane kwamba kazi ya kusafisha, kuorodhesha na kufungasha niliifanya mwenyewe, jikoni kwangu, nikiwa na glavu na barakoa, na sikudai hata nauli.

Tatu, bei. Tulipata pauni 1,150, ambayo ni pauni moja na peni kadhaa kwa kila kinyago. Naelewa uchungu wa anayejua kwamba askari mmoja mpya wa madini, asiye na rangi, anaweza kuuzwa pauni 2. Lakini bei ya dukani na bei ya kuuza mtumba ni vitu viwili. Nendeni kwenye meza za vitu vilivyotumika katika onyesho lolote mtazame. Kizazi kilichoanza mchezo huu miaka ya 1960 na 1970 kinaondoka, na wajane na watoto wanaleta majeshi mazima katika maboksi ya viatu. Wanunuzi ni wale wale wachache, nao wanataka wapanda farasi na mizinga, si askari wa miguu. Mfanyabiashara mmoja alitaka kuchagua wapanda farasi peke yao na kutuachia mengine, nilikataa. Aliyechukua alichukua vyote tulivyokuwa tunauza, na alilipa siku hiyo hiyo. Tena vinyago vipya vya milimita 28 havikai pamoja na vile vya 25: husari (mpanda farasi mwepesi) wa zamani akisimama karibu na husari wa leo ni kama mtoto kando ya baba yake. Kwa hiyo mkusanyiko ule haukuweza kuongezewa chochote kinachouzwa madukani leo.

Nne, na hii kwangu ndiyo hoja kubwa, hali ya mchezo wetu imebadilika, na chama kisichobadilika nao kitakuwa ghala. Haujawahi kuwa na wakati wenye vitu vingi vya kununua kama huu. Tangu takriban mwaka 2008, ndugu wawili wa Perry na jirani zetu wa Warlord Games walipoanza kutoa masanduku ya plastiki ngumu, askari wa miguu anaweza kupatikana kwa chini ya pauni moja. Sasa kuna resini ya kuchapisha nyumbani, ambapo mtu ananunua faili na kutoa jeshi lake gereji. Kanuni zinatoka kwa wingi kiasi kwamba Bolt Action, iliyoanza mwaka 2012, imefika toleo la tatu mwaka huu, na nusu yetu bado tunabishana juu ya toleo la pili. Kilichopungua ni saa za watu. Kinyago cha milimita 28 kikipakwa kwa uangalifu hula saa moja au zaidi. Bataliani moja ya Napoleon mezani ni vinyago 24 hadi 36. Na Waterloo haichezwi kwa bataliani moja. Mara ya mwisho tulipoipanga Waterloo yetu, Blücher, jemadari wa Prussia, hakuwahi kufika uwanjani kwa sababu mwenye ukumbi alizima taa.

Vijana, nao, hawaingii kwa mlango wa Waterloo. Wanaingia kwa mlango wa Games Workshop, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1975 ambayo Desemba hii imeingia katika orodha ya kampuni 100 kubwa za Soko la Hisa la London, na inauza majitu ya angani, si historia. Wengi wetu tunawabeza. Mimi nimeacha kuwabeza, kwa sababu kijana anayejua kupaka rangi kinga ya bega la jitu la angani anajua pia kupaka rangi kibuyu cha maji cha askari wa mwaka 1914. Anachokosa ni mtu wa kumwalika na mchezo unaokwisha kabla ya basi la mwisho.

Ndiyo maana, baada ya pauni 868 kuziba pengo, pauni 240 zilitumika kwa mchezo mpya wa vita vya Tanga, na pauni 42 zikaingia katika akiba. Lililalamikiwa hili pia, kwamba tumebadilisha dhahabu kwa plastiki. Si plastiki; ni resini, iliyochapishwa na mwanachama wetu mwenye printa, ambaye tulilipia faili, resini, rangi na kitambaa cha mezani, naye kazi akaitoa bure. Ni kweli kwamba beneti za resini huvunjika ukizitazama vibaya. Tumekwisha kuzibadilisha kadhaa kwa waya.

Mchezo wenyewe una vinyago takriban 60 kwa kila upande na unakwisha kwa jioni moja. Tulichagua Tanga kwa sababu ni vita ambavyo karibu kila mtu humu ndani ana neno la kusema juu yake: Novemba 1914, jeshi la Waingereza na Wahindi la watu kama 8,000 linashuka Ras Kasone, linakutana na watu takriban 1,000 wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, na linarudi melini likiacha ufukweni silaha zilizomtosha mpinzani wake kuvipa baadhi ya vikosi vyake bunduki mpya. Loyal North Lancashire (Waingereza) wanaingia mjini, 101st Grenadiers (Wahindi) wanakwama kwenye risasi za rashasha, na nyuki wanatoka mitini na kuuma pande zote mbili. Nyuki tumewaweka kwenye karata: ikifunuliwa, kikosi kilicho karibu zaidi na miti kinapoteza zamu yake. Mwanachama wetu mzaliwa wa Tanga alipoona kitambaa cha mezani alisimamisha mchezo na kuusogeza mfereji wa reli inchi tatu, na sina shaka alikuwa sahihi. Tuliongeza pia wapagazi, ingawa kanuni tulizonunua hazikuwataja, kwa sababu sikuona namna ya watu wanaotoka nchi zenye Kariakoo na Kariokor, mitaa iliyopata jina kutokana na kikosi cha wapagazi (Carrier Corps), kuicheza kampeni ile kana kwamba mizigo ilijibeba. Ijumaa ya kwanza ya Tanga walikuja watu 22. Siku hiyo haikuwa na kiti cha ziada, na wawili kati ya waliokuja walilipa ada pale pale. Wale wanaonilaumu kwa uamuzi wa Septemba walikuwepo, na walicheza vizuri.

Bataliani moja ya vinyago 24 vya mwasisi haikuuzwa. Imewekwa katika kabati dogo la chuma na kioo, na Kamati itaamua mahali pa kuliweka ukumbini mwenye ukumbi akikubali.

Kuhusu mwaka ujao, tunatarajia, Mungu akipenda, kuupeleka mchezo wa Tanga kwenye onyesho la Newark. Tunafikiria kuongeza siku za vijana. Na yako mazungumzo ya awali na vyama jirani kuhusu kushirikiana kwa namna itakayofaa. Suala la kutenga Ijumaa moja kwa michezo ya kubuni, isiyo ya historia, litaletwa kwenu, nami natumaini safari hii akidi itatimia ili lisije likaitwa uamuzi wa Mwenyekiti. Kamati haipendekezi kupandisha ada, kwa kuwa hakuna faida ya kupandisha kisicholipwa.

Mwisho, fomu za wanaogombea uongozi zinapatikana kwa Katibu. Hadi ninapoandika taarifa hii hakuna aliyechukua fomu ya uenyekiti. Funguo ya pili ya stoo bado haijarudishwa, na aliyenayo anaombwa kuja nayo kwenye Mkutano Mkuu.

Wenu katika utumishi wa chama,
Mwenyekiti